Protini kwenye mkojo: je, figo zimekwisha?

SWALI: Nina kisukari aina ya pili, huu mwaka wa sita. Juzi kijiti cha mkojo kimeonyesha protini, alama moja ya kujumlisha. Nimeshauriwa niache nyama na ninywe maji mengi kusafisha figo. Ndiyo zinakufa?

JIBU: Alama moja haitoshi kusema hivyo. Kijiti hupima ukolezi tu: mkojo mzito wa mtu aliyekunywa maji kidogo huweza kuonyesha alama ilhali protini inayotoka ni ndogo, na mkojo mwepesi huificha. (Kwa hiyo kujaza maji tumboni kabla ya kupima ni kujidanganya.)

Omba kipimo cha uwiano wa albumini (aina ya protini ya damu) na kreatinini (taka ya misuli inayotolewa na figo), kwa mkojo wa kwanza wa asubuhi. Chini ya miligramu 30 kwa gramu moja ya kreatinini hakuna shida. 30 hadi 300, chujio la figo limeanza kuvuja. Kupita 300, linavuja sana. Usipime ukiwa na homa, maambukizi ya njia ya mkojo au hedhi, wala siku uliyofanya mazoezi mazito, maana albumini hupanda kwa muda. Majibu yakiwa juu, rudia: mawili kati ya matatu ndani ya miezi 3 hadi 6 ndiyo ushahidi. Upimwe pia kreatinini ya damu, kwani figo huweza kuvuja huku kasi yake ya kuchuja bado ni nzuri.

Nyama usiiache, ila usizidishe. Gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito wako kwa siku zatosha. Chumvi ndiyo ya kuibana: yote ya siku isizidi gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai. Na dawa za maumivu kama ibuprofeni au diklofenaki usizimeze kiholela. Hupunguza damu inayofika kwenye figo.

SWALI: Albumini yangu imetoka 180 mara mbili, lakini presha ni ya kawaida. Mbona nimeandikiwa losatani, dawa ya presha?

JIBU: Losatani hulegeza mshipa unaotoa damu kwenye chujio, shinikizo la ndani likashuka na uvujaji ukapungua. Wiki 2 hadi 4 baada ya kuanza, pima kreatinini na potasiamu. Kreatinini ikipanda kidogo, hadi asilimia 30, usiache dawa kwa hofu. Ikizidi hapo, rudi kwa daktari. Ukitapika au kuharisha sana, muulize kama uisitishe kwa siku hizo. Na kama unapanga kupata mimba, mwambie mapema, kwa sababu dawa hii humdhuru mtoto tumboni.