Panya hajapewa dawa, uvimbe umetoka wapi?

SWALI: Dokta shikamoo, niko fildi kwenye maabara moja hapa Dar, juzi tumepasua panya dume mzee wa kundi lisilopewa dawa kabisa, tukakuta tezi ya adrenali juu ya figo moja imevimba, ya upande wa pili iko ndogo kama punje ya mtama. Au kuna mtu alichanganya dawa? – Mwanafunzi, Mbagala

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usianze kumsaka mchawi. Panya anaishi miaka 2 mpaka 3 hivi, na majaribio ya kansa huwa yanaenda miaka 2, kwa hiyo mwishoni mnapasua wazee watupu na uzee wenyewe unaleta uvimbe. Ule wa sehemu ya ndani ya tezi, inakotoka homoni ya adrenalini, unaitwa feokromositoma, kwa madume wazee wala sio kioja, ila kansa ya ganda la nje ndo adimu kweli, na ganglioneuroma, uvimbe wa seli za neva, nayo vilevile. Kwa macho huwezi kutofautisha (mabosi wengine wanajifanya wanaweza), weka tezi kwenye fomalini (dawa ya kuzuia isioze), mtaalamu wa patholojia aangalie kwa hadubini, halafu mlinganishe na rekodi za zamani za panya wa aina hiyohiyo wasiopewa dawa. Na hiyo tezi ndogo msiitupe, nayo ipimwe.