USITOE HICHO KIANZIO! Kwaya ya kukodi kwenye misa ya kwanza ya padre

Mleta uzi, umesema mdogo wako anapadrishwa Julai, misa ya shukrani ni parokiani kwenu hapa Dar, kamati imepata kwaya ya kukodi yenye albamu na mpiga kinanda wake, na kesho unapeleka kianzio. Usiende. Singizia foleni ya Mbagala.

Sisi tulishapigwa. Padre wetu ni mpwa wangu na mweka hazina nilikuwa mimi, kwa hiyo lawama zote za ukoo zinaanzia kwangu. Kamati ilikuwa na bwana mmoja anajiita mshauri wa muziki (usomi wake ni kumiliki spika mbili kubwa). Akatuambia kwaya ya parokia "haina hadhi ya sherehe", tena padre mpya hutetemeka sauti, lazima asindikizwe na kinanda asije akapotea. Watu wazima na akili zetu tukakubali. Ikatoka milioni na ushee, kosta ya kuwaleta, chakula, na sare za vitenge ambazo hadi leo sijui ziliondoka na nani.

Sasa huyo mpwa wangu kalelewa na kwaya hiyohiyo isiyo na hadhi. Alikuwa mtumishi wa altare. Misa ikiisha anabaki nyuma ya mpiga kinanda anamwangalia vidole. Mwalimu wa kwaya ndiye aliyemfundisha solfa (zile do, re, mi), bure. Kaenda seminari, falsafa Kibosho, teolojia Segerea, na kila likizo alirudi kuimba besi palepale. Siku yake ya kuwashukuru, sisi tukawakalisha kwenye mabenchi kama wageni waalikwa.

Wakodiwa wetu waliruka zaburi ya wimbo wa katikati, wakaweka wimbo wa albamu yao. Paroko akakunja uso, ikapita. Balaa likaja kwenye Utangulizi, ile sala ya shukrani ambayo padre huimba akijibizana na waamini kabla ya "Mtakatifu". Padre kaanza vizuri kabisa, kavu bila kinanda, kama alivyozoeshwa seminari: "Inueni mioyo." Jamaa wa kinanda, kwa kuwa kalipwa apige, akaanza kumtafuta. Anabonyeza hapa, sipo, anapanda nusu sauti, sipo, anashuka. Kufika "Tumshukuru Bwana Mungu wetu" padre ana do yake, kinanda kina do yake, waamini nusu wanajibu huku nusu kule. Kijana akanyamaza. Nikaona kidole chake kinatafuta mstari kwenye misale, kitabu cha sala za misa. Akaendelea kwa kusoma, na hakuimba tena hadi mwisho wa misa. Mama yake yuko benchi la kwanza, kanga mdomoni.

Jioni paroko akanifungulia Maelekezo ya Misale, namba 32: padre anapotamka sala zake za mbele ya waamini, pasiwe na sala nyingine wala wimbo, na kinanda na vyombo vingine vinyamaze. Vinyamaze! Tumelipa milioni kuharibu kitu ambacho tungekipata bure. Yule mshauri nilipompigia akasema tatizo lilikuwa "monita", yaani spika ya mwimbaji kujisikilizia. Monita! Mungu amsamehe, mimi bado sijafika huko.

Kwa hiyo shika hili moja: isitoke hata shilingi kwa mwanamuziki yeyote kabla padre mwenyewe hajakaa na mwalimu wa kwaya ya parokia, wawili tu, bila kamati. Wachague nyimbo, na padre auimbe Utangulizi wote mwalimu akisikiliza. Mnataka wimbo wenye jina lake? Upelekeni ukumbini. Baada ya Komunyo kuna nafasi ya wimbo wa sifa, lakini anayesifiwa pale ni Mungu. Jina la padre mtalitaja hadi mchoke kwenye pilau. Na siku ya upadrisho msiguse kitu. Litania ya Watakatifu akiwa kalala kifudifudi, wimbo wa Roho Mtakatifu akipakwa krisma, yale mafuta matakatifu, mikononi, hayo yote yana watu wake jimboni.

Uliuliza pia habari za zawadi na sijui ukumbi wa watu wangapi, watakujibu wengine. Kamati ikikubana, waambie mweka hazina kasafiri. Ila mwalimu wenu wa kwaya mpigie leo, asije akasikia habari za kwaya ya kukodi mtaani. Wetu aliambiwa na dereva wa kosta.