Kifaa cha ubongoni: kinamsemesha au kinamsemea mgonjwa?

SWALI: Niliandika kwamba "kifaa kilichopandikizwa ubongoni kinamsemesha mtu aliyepooza". Mhariri akabadilisha, akaandika "kinamsemea". Ni kipi sahihi?

JIBU: Vitenzi vyote viwili ni fasaha, lakini hapo nisingetumia hata kimoja. Kumsemesha mtu, ingawa umbo lake ni la kusababisha, kwa mazoea ni kumwanza kwa maneno ili naye aseme, kama mama anavyomsemesha mtoto aliyenuna; kwa hiyo msomaji wako atadhani kifaa kinazungumza na mgonjwa. Kumsemea ni kusema kwa niaba yake, kazi ambayo ndugu au muuguzi huifanya. (Tena watoto wakitishiana "nitakusemea kwa mwalimu", maana yake ni kushtakiana.)

Tazama kwanza nani anafanya nini. Katika utafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, uliochapishwa mwaka 2024, mwanamume mwenye ugonjwa unaoua neva zinazoendesha misuli alipandikizwa elektrodi 256 (vincha vidogo vya kunasa ishara za umeme) katika sehemu ya ubongo inayoongoza matamshi. Yeye mwenyewe hujitahidi kutamka. Elektrodi hunasa ishara zilizokusudiwa midomo, ulimi na taya, na kompyuta huzibashiri kuwa sauti za lugha, ikaziunganisha kuwa maneno, kisha ikayasoma kwa sauti iliyoundwa kutokana na rekodi zake za kabla ya kuugua. Usahihi ulifikia asilimia 97.5. Msemaji, basi, ni yeye, na sentensi imwache awe msemaji: "kifaa kinamwezesha kusema", au, ukitaka kukitaja kifaa kwa kazi yake hasa, "kinatamka anachojaribu kusema".

Kwa sababu hiyohiyo ningefuta "kusoma mawazo", maneno yanayopendwa mno na waandika vichwa vya habari. Hata watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, ambao mwaka 2025 walieleza jaribio la kunasa maneno yasiyotamkwa kabisa, walishughulikia maneno ambayo mtu aliyasema kimyakimya, wala si kila lililompitia akilini. Tena walijaribu utaratibu wa nenosiri ambalo mtu hulitaja kwanza, kimyakimya vilevile, ndipo mtambo uanze kufasiri. Hapo andika "maneno anayoyasema moyoni". Kuwaza ni jambo pana zaidi, na mara nyingi halina maneno.