Kabla ya kuhesabu vilele vya Uluguru, tafuteni shingo zake

SWALI: Ndugu Mpima, sisi ni kikundi cha wapanda milima wa Ubungo, na kila baada ya miezi miwili huenda Morogoro kupanda Uluguru. Tumeamua kuandaa orodha ya vilele vya safu hiyo vinavyoweza kupandwa, pamoja na kimo cha kila kimoja, lakini tunakwama. Ramani moja inaonyesha vilele sita na nyingine zaidi ya thelathini. Simu zetu mbili zikiwa mahali pamoja hutofautiana kwa mita ishirini na zaidi. Na wenyeji hututajia majina yasiyomo kwenye ramani yoyote. Tuanzie wapi, na tutajuaje kwamba hiki ni kilele na kile ni bega tu la mlima?

JIBU: Ndugu zangu wa Ubungo, mmekwama kwa sababu mmeanzia juu. Ukisimama kwenye mgongo wowote wa Uluguru utaona nundu nyuma ya nundu, na kila nundu ikitazamwa kutoka upande wake hufanana na kilele. Mpima huanzia chini, kwenye shingo. Chukulieni kwamba mko juu ya nundu fulani na mnataka kufika kwenye ardhi yoyote iliyo juu kuliko hapo mlipo, kwa njia inayowashusha kidogo kuliko njia nyingine zote. Mahali pa chini kabisa pa njia hiyo ndiyo shingo ya nundu yenu, na tofauti kati ya kimo cha nundu na kimo cha shingo ndiyo ninayoiita kimo cha kujitegemea. Nundu yenye mita 2,000 ambayo shingo yake iko mita 1,980 ni bega. Nyingine yenye mita 1,700 tu, lakini shingo yake iko mita 1,350, ni mlima kamili.

Kazi hii hufanyika mezani kabla ya safari. Tafuteni karatasi za ramani za serikali za kipimo cha 1:50,000, na kabla ya lolote someni pembeni mwa karatasi kama vimo vimeandikwa kwa futi au kwa mita. Kisha tafuteni kila mahali ambapo mstari wa kontua, yaani mstari unaounganisha sehemu zenye kimo sawa, umejifunga kama pete, mfuate mgongo unaotoka hapo hadi mahali ambapo kontua za pande mbili zinakaribiana na kubana kama kiuno cha nyigu. Hapo ndipo penye shingo. Kwa kuwa kimo halisi kiko kati ya mstari na mstari, hesabuni kwa tahadhari: kwa kilele chukueni pete ya juu kabisa iliyochorwa, na kwa shingo chukueni mstari ulio juu yake. Mtapata kiasi cha chini kabisa ambacho hakuna mtu atakayeweza kukipinga.

Baada ya hapo lazima mchague kikomo, yaani kimo cha kujitegemea cha chini kabisa kinachoifanya nundu ihesabiwe kuwa kilele. Shirikisho la kimataifa la vyama vya wapanda milima, UIAA, lilipotoa orodha ya vilele vya Alps vinavyozidi mita 4,000 mwaka 1994, lilihesabu 82, na kigezo chake kikuu kilikuwa kimo cha kujitegemea cha mita 30. Wengi huinakili namba hiyo bila kuuliza kama inafaa kwao. Kwenye barafu na miamba mitupu ya Alps inafaa. Uluguru haifai, na sababu ni miti. Takwimu za mwinuko ambazo programu nyingi za ramani hutumia zilitokana na rada ya chombo cha anga Endeavour, iliyopima sehemu kubwa ya dunia kwa siku 11 Februari 2000. Usahihi wake wa kimo uliwekwa kuwa takriban mita 16, na katika msitu mnene rada hiyo haikufika ardhini, bali ilipima sehemu fulani ya majani ya juu. Kilele chenye msitu kikipakana na shingo iliyofyekwa kwa ajili ya shamba huongezewa kimo ambacho ni cha miti wala si cha mlima. Mita 30 zinaweza kumezwa zote na makosa ya namna hiyo. Ndiyo maana nawashauri muweke kikomo cha mita 100 kwa orodha kuu, na nundu zilizo kati ya mita 50 na 100 mziweke kwenye orodha ya pili ya kuchunguzwa.

Kwa sababu hiyo hiyo msibishane juu ya nani mrefu kati ya Lupanga, unaoandikwa kuwa na takriban mita 2,138, na Bondwa wenye takriban mita 2,120, kwa kutegemea picha za satelaiti peke yake. Tofauti hiyo ni ya kimo cha mti mmoja. Tena tofauti ya vimo haiwezi kutumika kuamua kama vilele ni viwili au kimoja. Huko Rwenzori, mpakani mwa Uganda na Kongo, kilele cha Margherita kina mita 5,109 na cha Alexandra mita 5,091, vyote viwili vikiwa juu ya mlima mmoja wa Stanley, na kinachowapa watu haki ya kuvihesabu mbalimbali ni shingo iliyo katikati. Kwa upande mwingine, Lukwangule, ambayo naiona mara kwa mara kwenye orodha za vilele, ni uwanda wa juu. Kilele cha upande huo wa kusini ni Kimhandu, wenye karibu mita 2,630, ambao ndio mrefu kuliko yote katika safu nzima.

Sasa kuhusu simu zenu. Programu nyingine huonyesha kimo kutoka usawa wa bahari, nyingine huonyesha kimo kutoka kwenye umbo la kihesabu la dunia ambalo setilaiti hulitumia, na kwenye pwani yetu viwili hivyo hutofautiana kwa zaidi ya mita 20. Tazameni kwenye mpangilio wa kila programu inatumia kipi. Zile zinazopima kwa kanieneo ya hewa zina tatizo lake. Niliwahi kuiweka simu ya namna hiyo mezani ofisini kwangu, Upanga, bila kuigusa kutwa nzima: kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni "ilipanda" zaidi ya mita 20, kwa kuwa katika nchi za joto kanieneo hushuka kila siku katika saa hizo. Hata hivyo chombo hicho kinafaa sana kupima tofauti kati ya kilele na shingo, mradi vipimo viwili vifuatane kwa muda mfupi na mrudie pale mlipoanzia kuona kama kimehama.

Kosa linalonisikitisha zaidi ni la mahali, kwa sababu nililifanya mwenyewe nikiwa mgeni wa kazi. Ramani zetu za zamani zimejengwa juu ya mfumo wa kutaja mahali kwa namba uitwao Arc 1960, ilhali simu hutumia mfumo mwingine, WGS84. Ukihamisha namba za mahali kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine bila kuzibadili, unakosea karibu mita 300 kaskazini-kusini na karibu mita 90 mashariki-magharibi. Niliwapeleka wenzangu ndani ya ukungu hadi kwenye nundu iliyofunikwa na migomba-mwitu, tukashangilia, na kilele chenyewe kilikuwa mgongo wa pili. Andikeni jina la mfumo kando ya kila namba, bila kuacha hata moja.

Majina ya wenyeji yaandikeni yote. Mlima mmoja unaweza kuitwa hivi na watu wa bonde la mashariki na vile na watu wa magharibi, na hakuna aliyekosea. Muulizeni mzee akiwa anaukabili mlima wenyewe, aonyeshe kwa mkono, nanyi mpime uelekeo kwa dira.

Neno "kinachoweza kupandwa" lipewe safu yake katika jedwali, mbali na kimo. Mlima Kenya unatufundisha hilo: Lenana wa mita 4,985 hufikiwa kwa miguu, ilhali Batian wa mita 5,199 na Nelion wa mita 5,188 vinahitaji kamba na ufundi wa kupanda miamba. Uluguru vizuizi ni vingine, yaani msitu usio na njia, utelezi, mvua nyingi za upande wa mashariki, na kibali, kwa kuwa misitu ya juu ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS) na lazima muombe ruhusa Morogoro. Kwa hiyo andikeni nani alifika, tarehe gani, na kwa kupitia upande upi. Kilele ambacho mmekisikia tu kwa mwongozaji kiandikwe hivyo. Nawasihi pia msikate miti ili kufungua njia mpya. Maji ya Ruvu tunayokunywa hapa Dar es Salaam yanaanzia kwenye misitu hiyo.

Safari yenu ijayo, masika yakiisha, iwe ya kwenda mahali paitwapo Bunduki, kwenye pengo linalotenganisha Uluguru ya kaskazini na ya kusini, kwa sababu huko ndiko mtakakoitafuta shingo ya kilele kirefu kuliko vyote vya kaskazini. Tafuteni mahali penye anga wazi, wekeni simu zote mbili juu ya jiwe moja, na andikeni kimo kila baada ya dakika tano kwa nusu saa.