Soma rekodi ya nyumba yako Texas kabla bili haijakukuta

Kila mwaka ikifika Novemba, magrupu yetu ya WhatsApp hapa Texas hujaa picha za bili za kodi ya nyumba. Mtu anatuma yake, chini anaandika, "Jamani, hii ni haki kweli?" Watu wanampa pole, wengine wanamshauri aende ofisini akalalamike. Akienda atapoteza siku ya kazi bure. Bili ni matokeo ya hesabu tu: wamechukua thamani ya nyumba, wakatoa nafuu alizoomba, wakazidisha kwa viwango vya kodi. Thamani yenyewe ilipangwa tangu mwanzo wa mwaka, na muda wa kawaida wa kuipinga uliisha Mei. Rekodi nyingi zilizotumika kwenye hesabu hiyo ziko wazi kwa kila mtu, bure, na unaweza kuzisoma kwenye simu ukiwa umejilaza.

Kwanza ujue nani anafanya nini, maana wengi wanapiga simu kwa asiyehusika. Texas ina kaunti 254, na karibu kila moja ina ofisi yake ya uthamini (Potter na Randall, kule Amarillo, zinatumia moja). Kazi yake ni kusema nyumba yako ilikuwa na thamani gani tarehe 1 Januari. Haipangi viwango vya kodi. Viwango vinapangwa na wilaya ya shule, kaunti, mji, wilaya ya hospitali, chuo cha jamii, na kwenye mitaa mingi mipya pembezoni mwa Houston kuna wilaya ya maji ambayo peke yake inaweza kukupandishia bili vibaya. Pesa mara nyingi inapokelewa na ofisi ya kodi ya kaunti, ile ile unakolipia stika ya gari. Hati miliki ziko kwa karani wa kaunti. Aliye Minnesota au Ohio asinifuate neno kwa neno, kwa sababu kila jimbo lina mgawanyo wake.

Ukitaka kuanza, andika kwenye Google jina la kaunti yako na maneno "appraisal district". Dallas, Harris, Tarrant, Collin, Fort Bend, zote zina tovuti yenye kisanduku cha kutafutia. Hakikisha ni tovuti ya ofisi yenyewe, si ya kampuni iliyojipachika juu kwa tangazo la kulipia. Tafuta kwa anwani, achana na jina. Majina yetu huwachanganya: la katikati hugeuzwa la ukoo, herufi zinaruka, mume na mke wanaandikwa kila mmoja kivyake. Hata kwenye anwani usiandike kila kitu. Weka namba ya nyumba na neno la kwanza la barabara, basi. Ukiongeza "Drive" wakati wao wameandika "Dr", unaweza kuambiwa nyumba yako haipo duniani.

Ukiipata, tazama jina la mmiliki na anwani ya posta kabla ya kitu kingine. Kama umenunua nyumba mpya, jina la mjenzi linaweza kukaa hapo kwa muda, na barua zako zikawa zinakwenda kwake. Sheria ya Texas haikubali kisingizio cha "sikupata bili". Faini inahesabiwa vile vile.

Kisha kuna thamani, na hapa watu wanachanganya namba tatu. Ya kwanza ni thamani ya soko, ambayo hugawanywa kati ya ardhi na jengo. Ya pili ni thamani baada ya ukomo: kama nyumba ni makazi yako na ulishapewa nafuu ya makazi (homestead exemption, yaani punguzo kwa nyumba unayoishi mwenyewe), thamani hiyo haiwezi kupanda zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, ukiacha vitu vipya ulivyojenga. Ya tatu ni ile inayotozwa kodi, baada ya kutoa nafuu zote, na inatofautiana kati ya shule, mji na kaunti kwa sababu kila mmoja ana nafuu zake. Ukisikia mtu anasema nyumba yake "imepanda laki moja", muulize ni ipi kati ya hizo.

Jambo moja huwashangaza wengi: bei ya mauzo haimo. Texas haimlazimishi mnunuzi kuisajili, na hata ukienda kwa karani wa kaunti kutazama hati, mara nyingi utakuta imeandikwa kwamba nyumba imeuzwa kwa dola 10 na malipo mengine. Picha na mchoro wa nyumba pia huvikuti mtandaoni, sheria imezuia. Lakini mchoro wa nyumba yako mwenyewe unaweza kuuomba, na nitaeleza kwa nini uuombe.

Kwa anayenunua, rekodi hizi ni muhimu kuliko tangazo la dalali. Chukua nyumba mpya iliyokamilika Julai. Tarehe 1 Januari palikuwa na kiwanja tu, kwa hiyo bili ya mwaka huo ni ya kiwanja. Benki inapanga makato yako ya eskro (pesa inayokukusanyia kila mwezi ili ikulipie kodi) kwa bili hiyo ndogo, nawe unafurahi kwamba malipo ya mwezi ni mepesi. Mwaka unaofuata nyumba nzima inathaminiwa, benki inalipa bili kubwa, halafu inakuandikia barua ya upungufu. Malipo ya mwezi yanapanda kwa sababu mbili kwa pamoja: kufidia kilichopungua, na kukusanya cha mwaka unaokuja. Nimeona familia zinapandishiwa mamia ya dola kwa mwezi bila hata senti ya riba kubadilika. Mtanzania aliyezoea kodi ya majengo kukatwa kidogo kidogo kwenye malipo ya umeme ya LUKU anadhani ametapeliwa.

Kinga yake ni rahisi. Fungua rekodi ya nyumba ya mtaa huo huo iliyokwisha kuthaminiwa mwaka mzima, ona viwango vya jumla kwa kila dola 100, uzidishe kwa bei unayonunulia, kisha ugawanye kwa 100. Mwambie wa mkopo apange eskro kwa namba hiyo. Akikataa, weka tofauti pembeni mwenyewe.

Nyumba kuukuu nayo ina mtego wake. Muuzaji mwenye miaka 65 au zaidi huwa na kodi ya shule iliyogandishwa, na ugandishaji huo haurithiwi na mnunuzi. Tovuti haitakuonyesha umri wake, kwa sababu sheria inakataza, lakini ukiona kodi iliyolipwa ni ndogo mno ukilinganisha na thamani na viwango, tayari una jibu. Angalia pia kwenye ofisi ya kodi kama kuna deni la miaka ya nyuma. Deni la kodi hufuata nyumba, halimfuati mtu, na ofisi inaweza kukupa cheti cha kodi kwa ada ndogo kinachoonyesha kila kinachodaiwa. Kampuni inayosimamia uhamisho wa umiliki hulikagua hili, lakini anayeuziwa kiwanja na rafiki kwa makubaliano ya mdomo hana wa kumkagulia.

Nafuu ya makazi haiji yenyewe. Unaiomba mara moja, bure, kwenye ofisi ya uthamini, na anwani ya leseni yako ya udereva au kitambulisho cha jimbo lazima ilingane na ya nyumba. Hawaulizi uraia; wanachotaka kujua ni kama nyumba ni yako na unaishi humo. Tangu mwaka wa kodi wa 2025 wilaya ya shule inaondoa dola 140,000 kwenye thamani kabla ya kukutoza, baada ya wapiga kura kupitisha nyongeza hiyo Novemba 2025. Tuseme nyumba ni ya dola 350,000 na kiwango cha shule ni dola 1 kwa kila 100. Bila nafuu unalipa 3,500, ukiwa nayo unalipa 2,100. Mwenye miaka 65, au mwenye ulemavu, anaongezewa 60,000 nyingine. Kama ulikuwa hujui, usikate tamaa: maombi ya kuchelewa yanapokewa hadi miaka miwili baada ya tarehe ambayo kodi ingekuwa imechelewa, na ukiwa ulishalipa unarudishiwa.

Zile barua zenye nembo inayofanana na ya serikali, zinazokutaka ulipe ili "wakuandikishie" nafuu au wakutumie nakala ya hati miliki, chana. Lakini barua ya ofisi ya uthamini ikikuuliza kama bado unaishi hapo, ijibu. Sheria ya 2023 inawataka wahakiki nafuu hizi angalau kila miaka mitano, na asiyejibu anaweza kuipoteza.

Sasa pingamizi. Taarifa ya thamani inakuja kwa kawaida Aprili au mwanzoni mwa Mei. Mwisho wa kupinga ni tarehe 15 Mei, au siku 30 tangu walipoituma, ipi itakayochelewa. Fanya kwa mtandao, ukitumia namba ya siri iliyo kwenye taarifa hiyo. Kwenye sababu, weka alama zote mbili: kwamba thamani imezidi ya soko, na kwamba umethaminiwa bila usawa na wenzako. Hii ya pili ndiyo inayoendana na rekodi za wazi. Huna bei za mauzo, lakini una thamani walizowapa majirani. Chagua nyumba za mtaa wako zenye ukubwa, umri na daraja la ubora linalokaribiana na lako, gawanya thamani ya jengo kwa futi za mraba, uzipange. Ukijikuta juu ya ile ya katikati, una hoja.

Watu wetu wengi hawapingi kwa kuogopa kwamba wakienda mbele ya bodi inayosikiliza mapingamizi, thamani itapandishwa. Haiwezekani. Tangu 2020 sheria inaikataza bodi kuweka thamani ya juu kuliko ile uliyopewa, labda wewe mwenyewe uombe.

Ukishawasilisha, omba ushahidi watakaoutumia dhidi yako. Una haki ya kuupata siku 14 kabla ya kusikilizwa, na ambacho umekiomba wasikupe hawawezi kukitumia. Kwenye furushi hilo ndipo utaona mchoro wa nyumba. Shemeji yangu alipofungua wake alikuta ghorofa ya juu imehesabiwa yote kama sakafu. Nyumba ile ina sebule yenye dari refu hadi juu. Pale walipohesabu chumba ni hewa tupu na feni inayoning'inia. Alipiga picha tatu akiwa amesimama kwenye ngazi, akachora mstari mwekundu kwenye mchoro wao, akaviambatisha. Mthamini hakubisha. Walimaliza kwa simu, kwenye kile kikao cha awali kinachofanywa kabla ya bodi, na wengi wanaokuja na karatasi huishia hapo hapo.

Tafuta na makosa mengine ya namna hiyo: bafu la ziada, bwawa la kuogelea la jirani, gereji iliyoandikwa kama sehemu ya kuishi. Kama ukuta una ufa, na udongo wa mfinyanzi wa Dallas unapasua misingi kila kiangazi, omba fundi wa misingi akupe makadirio ya maandishi na upige picha za nyufa ukiweka rula pembeni. Kumbuka wanachopima ni hali ya tarehe 1 Januari, kwa hiyo ufa uliotokea Machi ni wa mwaka ujao. Na tafadhali usiwaambie habari za mshahara au watoto chuoni. Wanasikiliza kwa adabu, lakini hakuna safu ya kuandika hayo.

Ikifika Januari, hata kama benki ndiyo inayolipa, fungua ukurasa wa ofisi ya kodi uone kama malipo yameingia. Mwisho ni tarehe 31. Kuanzia 1 Februari inaongezeka asilimia 6 ya faini na 1 ya riba, ikifika Julai faini ni 12, na hapo wanaweza kuongeza hadi asilimia 20 ya gharama za mawakili. Mkopo ukiuzwa toka kampuni moja kwenda nyingine kati ya Oktoba na Desemba, ndipo bili huachwa katikati bila mwenyewe. Ukiona bado haijalipwa katikati ya Januari, piga simu kwa hao wa mkopo siku hiyo hiyo, uwape namba ya akaunti, na usikate mpaka wakutajie tarehe watakayotuma pesa.