Mbele Yako Ni Nyuma ya Mashua: Kwa Mlioanza Makasia

Siku ya kwanza utakalishwa kwenye kiti chenye magurudumu, utafunga miguu kwenye viatu vilivyofungwa ndani ya mashua, kisha utagundua kwamba umeupa mgongo uendako. Omo, yaani ncha ya mbele ya mashua, iko nyuma yako; tezi, yaani ncha yake ya nyuma, iko mbele ya macho yako; na katika mashua ya watu wanane anayeiona njia vizuri ni nahodha, ambaye hapigi kasia. Wenzangu walicheka. Mimi nilikuwa na miaka 14, na kila baada ya pigo la pili nilikuwa nageuza shingo kutazama tunakwenda kugonga nini. Kila nilipogeuka, mashua ililala upande wangu, na nahodha akalitaja jina langu mbele ya watu wote.

Nawaandikia ninyi mlioanza msimu huu. Siku hizi nawasaidia wanaoanza, na makosa ninayoyaona ni yaleyale niliyoyafanya. Kubwa kuliko yote ni haraka. Si haraka ya kuvuta, maana kuvuta kwa nguvu ni kazi yenu, bali haraka ya kurudi.

Nieleze. Pigo lina nusu mbili. Kwanza unazamisha bapa la kasia na kusukuma: miguu, halafu mgongo, mwisho mikono. Kisha unalichomoa bapa, unalilaza ili lisishikwe na upepo, na unarudi kwa mpangilio wa kinyume: mikono inavuka magoti, mgongo unafuata, ndipo miguu ikunjwe na kiti kiteleze kuelekea tezi. Mazoezini mara nyingi mtapiga mapigo 20 kwa dakika, yaani pigo moja kila sekunde 3. Kusukuma kuchukue sekunde 1 hivi. Zinazobaki ni za kurudi. Mgeni hufanya kinyume: anavuta kwa kujikongoja, halafu anakimbilia mbele kama aliyechelewa basi.

Sasa piga hesabu. Vijana wanane wenye kilo 65 kila mmoja ni kilo 520. Mashua yao ina urefu wa takriban meta 17, na kwa kanuni za mashindano ya kimataifa haitakiwi kupungua kilo 96. Abiria, basi, ni wazito mara 5 kuliko chombo. Mzigo wote huo ukiteleza kwa kasi kuelekea tezi, lazima kitu kiusimamishe, na kitu hicho ni ubao wa miguu. Miguu yenu inakuwa breki. Mashua iliyokuwa inakwenda uzuri inasukumwa nyuma, na pigo linalofuata linaanza kwa kulipa deni. Utatoka majini umechoka hoi na hujui nguvu zako zimekwenda wapi.

Nilielezwa haya mara nyingi nikaitikia tu. Nilielewa asubuhi moja kocha alipotuamuru tufumbe macho. Tulipiga mapigo kumi hivi bila kuona chochote, na kwa mara ya kwanza nikasikia kiti cha aliye mbele yangu kikiteleza: kirrr, taratibu, kisha changu: kirr! Kimefika kabla ya chake. Ilinitia aibu kuliko kelele zote za nahodha. Tangu siku hiyo nikawa nasikiliza viti kabla ya kutazama migongo. Jaribuni, lakini kocha akisema tu, na wengine wakiwa wanaishika mashua isiyumbe.

Wa kumfuata ni aliyekaa karibu na tezi, mwenye kiti namba 8. Viti huhesabiwa kuanzia omo. Yeye ndiye anayetoa mwendo. Ukiona amekosea, kosea pamoja naye. Mashua ya watu wanane wanaokosea kwa pamoja inakwenda kuliko ya wanane ambao kila mmoja ana usahihi wake.

Kuna siku kasia litanaswa. Waingereza husema umekamata kaa, na kweli unahisi kuna mnyama chini anayekunyang'anya. Mara nyingi ni kwa sababu umelilaza bapa likiwa bado majini. Mashua inaendelea, bapa linazama, na mpini unakurudia kwa nguvu. Mimi nilidhani uanaume ni kung'ang'ania, ukanipiga chini ya mbavu nikakaa wiki nzima siwezi kucheka. Usishindane nao. Lala chali, uache mpini upite juu ya kichwa chako, na nahodha atasimamisha. Mtaanza upya. Kila aliye ndani ya mashua hiyo ameshanaswa.

Mikono itatoka malengelenge, halafu itafanya sugu. Watu watakushauri uvae glavu. Mimi siziamini, kwa sababu zinakuondolea hisia ya mpini, na hisia hiyo ndiyo unayoitafuta. Dawa ni kulegeza. Ning'iniza vidole kwenye mpini kama ndoano, usiukabe. Anayekaba huchoka mikono, kuanzia viwiko hadi viganja, kabla hata ya kufika meta 500, na mbio za dunia za vijana walio chini ya miaka 19 ni meta 2000, sawa na za wakubwa.

Kwenye mashine ya mazoezi ya nchi kavu kuna kidude pembeni chenye namba 1 hadi 10. Kila mgeni, hasa wavulana, hukipeleka 10 akidhani ndiyo ngazi ya mashujaa. Ni tundu la hewa tu. Ukilifungua lote unakuwa kama unavuta mashua nzito iliyojaa maji, na mgongo ndio utakaolalamika. Anzia 3 au 4.

Ya usalama hayana mjadala. Uwe unajua kuogelea. Kabla ya kuondoka gatini, vuta kamba za visigino uone kama zimefungwa na hazijalegea kupita kiasi, maana ndizo zinazokutoa kwenye viatu mashua ikipinduka. Ikipinduka, baki nayo. Inaelea, na mtu aliyeshika mashua huonekana kwa mbali kuliko kichwa kimoja kinachoogelea kuelekea ufukwe unaodanganya kuwa uko karibu. Na mnapoibeba, nahodha peke yake ndiye anayesema. Mkiingia, kanyaga pale tu palipowekwa ubao. Ganda la chini ni jembamba kiasi kwamba kisigino kinaweza kulitoboa, na hiyo hesabu hutapenda kuieleza.

Kuna wakati utapangwa mashua ya pili. Utaumia, nami sitakwambia usiumie. Ila nenda kaone wa mashua ya kwanza wanavyorudi mbele, si wanavyovuta.

Na siku moja, pengine mnaelekea gatini mmeshachoka hata kuharakisha hamuwezi, mabapa manane yatatoka majini kwa mlio mmoja na utasikia viputo vikikimbia chini ya kiti chako. Usigeuke kumwambia mwenzako. Nahodha ameshavisikia.