Jibu: Moyo mbio, kisha baridi, na kilo hazipandi

Pole dada. Unasema mwezi mmoja moyo unakimbia na mikono inatetemeka, unaofuata unasikia baridi na uchovu, na chakula hakishuki. Hata mimi, hapa Bukavu, nilipita njia hiyo.

Huenda ni tezi ya shingo. Usipime TSH (homoni ya ubongo inayoiamuru tezi hiyo) peke yake. Omba na T4 huru, homoni ya tezi yenyewe kwenye damu, kisha rudia baada ya wiki 6 hivi. Tezi ikiwaka, yaani ikipata uvimbe wa ndani, huanza kwa kumwaga homoni nyingi, halafu inaishiwa. Ndiyo maana dalili hugeuka. Mimi nilianzishiwa dawa baada ya kupimwa mara moja tu, nikazidi kuumwa.

Ila kuna kitu kinanisumbua. Tezi ikifanya kazi kupita kiasi, wengi husikia njaa kali, wewe huna hamu kabisa. Mwili usiokula pia hushusha wenyewe T3, homoni nyingine ya tezi. Kwa hiyo daktari atafute na kifua kikuu, VVU, sukari, upungufu wa damu.

Fufu, ugali wa muhogo, ilinishinda (mama mkwe alinuna!). Nilikula kidogo kila baada ya saa 3: uji wa soya wenye karanga, avoka, sambaza (samaki wadogo) za kukaanga. Muhogo uloweke vizuri, usiolowekwa huzuia tezi kupata iodini, madini inayoyahitaji. Ndiyo moja ya sababu kisiwa cha Idjwi, katika Ziwa Kivu, kilijulikana kwa rovu, uvimbe wa tezi shingoni. Lakini matone ya iodini ya sokoni usiguse, yanaweza kuvuruga tezi zaidi. Chumvi yenye iodini inatosha.

Moyo ukipita mapigo 120 kwa dakika umekaa tu, usingoje miadi, nenda hospitali siku hiyo hiyo.